Dogo anatapika kila akitoka kuchuma tumbaku, bibi anasema malaria

BintiKaliua: Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu ana miaka 13, yuko kwa bibi huko Kaliua, sa hivi ni kuchuma tu na mvua kila siku. Wiki hii mara tatu anatoka shambani mzima, ikifika usiku kichwa kinamgonga, kizunguzungu, anatapika mpaka nyongo, asubuhi hata chai haipiti. Zahanati wamepima malaria hamna, wakampa dawa ya malaria hivyo hivyo. Nikamuuliza we unaona ni nini, akanijibu "tumbaku hiyo dada, inatulevya wote, ukizoea inaisha". Yaani watoto wanajua na wanaona kawaida! Niko Dar, naombeni msaada.

MchumaJani: Dogo kasema kweli. Mi nimekulia Urambo, nimeanza kuchuma na miaka 10. Unaingia alfajiri umande haujakauka, majani unayabana kwapani mpaka shati inalowa inagandia mwilini, mikono ina utomvu mweusi kama lami na hapo hapo unakula kiporo bila kunawa. Nimetapika sana aisee. Baba hakuwahi kuumwa, sisi tukaonekana wavivu.

TabibuWaKijijini: Mzee alikua anavuta sigara? Mvutaji mwili ushazoea nikotini, mtoto hajazoea na mwili wake mdogo, kiasi kile kile kinampiga zaidi. Jani bichi likilowa nikotini inatoka na maji inapita kwenye ngozi, dalili zinakuja masaa kadhaa baadae ndo maana usiku, na zinaisha zenyewe siku moja au mbili, ndo maana watu wanadhani dawa ya malaria imefanya kazi. Akirudi avue nguo zote, aoge na sabuni, anywe maji. Akitapika mfululizo au akipumua kwa shida mkimbizeni hospitali na mseme kabisa kachuma tumbaku, msiposema daktari atawaza malaria tu.

MkulimaSikonge: Glavu na koti la mvua vinasaidia ila ni saizi ya mtu mzima, mtoto vinampwaya maji yanaingia. Na sheria ya mtoto ya 2009 imekataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, hata kama shamba la bibi. Halafu dada uliza wanabebea nini maji ya kunywa, mi nshakuta watoto wanakunywa kwenye chupa ya dawa ya wadudu, eti wameisuuza. Nilitetemeka.

BintiKaliua: Asanteni sana. Nimempigia bibi nikamsomea ya tabibu, akakaa kimya weee, kisha akasema "kumbe ndo maana mama yako naye alikuwa anatapika". Kesho dogo haendi. Ila kuna binamu zake wawili, 11 na 9, na jani likiiva halisubiri, so bibi ananiuliza nani atachuma. Natuma hela ya vibarua wazima asubuhi, ya bani la kukaushia tumbaku tutajua mbele. Chupa ya maji nimesahau kuuliza, napiga tena sa hivi.