Wana wa Bi Mkubwa: ramani ya da Salma

Da Salma (Duluth, Marekani): Asalaam aleikum wote. Shikamoo mama. Ramani ya nyumba imetoka jana usiku, nimewatumia picha 3 hapo juu, msicheke. Sebule na jiko viko JUU vyumba vya kulala viko CHINI na mchoraji hajakosea

Zuhu: 😂😂 mi nishageuza simu mara mbili

Kaka Side: Waaleikum salaam. Hiyo si ndo ile nyumba ya magogo mazima, kama za kwenye kalenda?

Da Salma: Ndo hiyo kaka. Kiwanja kina mteremko mkali kinashukia ziwa Superior, barabara inapita juu. Kwa hiyo gari unapaki huko juu unafungua mlango uko sebuleni, mifuko ya sokoni haijapanda ngazi hata moja, ukitaka kulala ndo unashuka. Na ziwa linaonekana vizuri ukiwa juu, chini unaona misonobari tu, sasa nikipe chumba cha kulala ziwa wakati nalala nimefumba macho?

Zuhu: hapo kwenye kufumba macho umenimaliza

Kaka Side: Sawa ila mi nauliza kama fundi. Ukuta wa chini wa nini? maana upande wa kilimani udongo utalalia ukuta, na mti ukigusana na udongo unaoza hata uupake nini

Da Salma: Chini zege. Upande wa kilimani umefukiwa wote, upande wa ziwa uko wazi. Msingi wenyewe huku kaskazini mwa Minnesota sheria inasema futi 5, ardhi inaganda, ukichimba juujuu barafu inanyanyua nyumba. Sasa na mteremko ule na futi 5 zile shimo lishakuwa ghorofa, tukasema basi tulale humohumo

Kaka Side: Futi 5!! Tanga hapa ukimwambia mteja futi 3 anakuuliza unazika nani

Zuhu: 🤣🤣🤣

Kaka Side: na upande uliofukiwa naona hamna chumba

Da Salma: Haturuhusiwi, chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha la kutokea mtu moto ukiwaka. Huko nyuma stoo, mashine ya kufulia na mtambo wa joto basi. Halafu kaka kuna kitu sikukijua kabisa, magogo yanashuka. Gogo likikauka linasinyaa unene, urefu unabaki uleule, na yanavyokandamizana ukuta wa futi 8 wa magogo mabichi unaweza kupungua karibu inchi 6. Juu ya kila dirisha na mlango wanaacha nafasi wanaifunika kwa ubao, ukisahau hiyo nafasi ukuta unakaa juu ya dirisha. Na zile nguzo za kusimama hazipungui, kwa hiyo wanaziwekea jeki za skrubu unakuwa unazungusha kidogokidogo paa lishuke sawa na kuta

Kaka Side: Subiri kwanza. Ghorofa zote mbili zikiwa magogo si ngazi inabaki hewani? Na mabomba ya choo?

Da Salma: Ndo maana magogo tumeweka juu tu! Ngazi inaanza kwenye zege inaishia sakafu ya juu, haiwahusu magogo. Lile bomba la kupumulia linalotokea paani ndo limewekewa kiungo cha kuteleza

Kaka Side: Huyo mchoraji mpe salamu zangu

Zuhu: swali la asiye fundi, watoto wakirukaruka sebuleni na wewe umelala chini?

Da Salma: We acha. Tulilala kwa jirani nyumba yake ndo hivihivi, boriti zinaonekana na mbao za juu yake ndo sakafu yenyewe. Saa 11 alfajiri mwenyeji kapanda kuchemsha kahawa, nikasikia nyayo, nikasikia kijiko kwenye kikombe, nikasikia mpaka paka anashuka kwenye kiti. Sisi tunaziba dari na kujaza pamba ya kuzuia sauti. Boriti hazitaonekana, shem wenu kanuna siku 2

Bi Mkubwa: salma mwanangu mimi nikija nalala wapi

Da Salma: Chini mama, chumba kizuri dirisha linaangalia miti

Bi Mkubwa: kila nikitaka maji nipande ngazi. nyumba ya bibi yenu pale mji mkongwe chini duka juu watu na ngazi ile ndiyo iliyomaliza magoti haya

Zuhu: 👀

Bi Mkubwa: na baridi hiyo mnayosema huko chini si ndo zaidi

Da Salma: Kweli mama joto linapanda na jiko la kuni liko juu, sisi tunapenda kulala kwenye ubaridi

Bi Mkubwa: mimi sipendi

Kaka Side: Salma kile chumba kando ya jiko umeandika nini, sioni vizuri

Da Salma: Ofisi ya shem wenu

Zuhu: ilikuwa ofisi

Da Salma: 😭 nitamwambiaje

Kaka Side: Mwambie atanuna siku 4, mbili alishazianza

Bi Mkubwa: na choo

Da Salma: Kipo mama, mlango wa pili tu kutoka hapo

Bi Mkubwa: haya nitumie ramani nyingine ikishabadilishwa na maandishi yawe makubwa