Tupeane uzoefu: ni hatua gani ya serikali wakati wa korona iliyokufikia, na ni ipi iliyokupita?

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Tangu kisa cha kwanza kitangazwe nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, amri na nafuu zilifuatana kwa kasi kiasi kwamba hadi leo tukizizungumzia tunaishia kubishana siasa badala ya kuelezana yaliyotukuta. Naomba kila mmoja aeleze hatua iliyomgusa yeye mwenyewe, si aliyoisikia redioni.

Nianze mimi. Nilikuwa karani katika duka la pembejeo hapa mjini, na kwa kuwa mshahara wangu haukufika shilingi 24,000, kuanzia Aprili sikukatwa kodi ya mshahara hata senti moja. Nafuu hiyo sikuiomba wala sikuipangia foleni. Niliikuta tu kwenye hati ya malipo. Msusi tuliyepanga naye ploti moja, ambaye wateja walimkimbia kwa kuogopa kuguswa kichwa, hakuwa na hati ya malipo, na kwa hiyo hakuwa na kodi ya kusamehewa.

Muuza mitumba, Kisumu

Mimi niko soko la Kibuye. Mwishoni mwa Machi 2020 uingizaji wa mitumba ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Marobota machache yaliyosalia katika mabohari yalipanda bei, tukawa tunanunua nguo moja moja kutoka kwa wenzetu waliokuwa na akiba, faida ikabaki jina tu. Juu ya hayo kulikuwa na kafyu ya saa moja jioni. Asiyeuza sokoni hawezi kujua uzito wake: mteja wangu mzuri ni yule anayetoka kazini saa kumi na moja, na saa hiyo sisi tulikuwa tayari tunafunga mizigo, kwa sababu matatu ya abiria kumi na wanne ilikuwa inaruhusiwa kubeba wanane, na aliyechelewa kituoni alikosa gari la kumrudisha nyumbani.

Kilichonifikia ni kufutwa kwa ada ya kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000. Mteja akinunua blanketi la shilingi 2,500 alinitumia mara tatu, elfu, elfu, kisha mia tano, nami nasimama nikihesabu ujumbe unavyoingia. Ada ya kutoa pesa kwa wakala ilibaki, kwa hiyo nilijifunza kuziacha humo humo na kumlipa aliyeniuzia kwa simu vilevile. Nafuu hiyo ilikwisha na mwaka 2020, lakini tabia imebaki.

Kisha ukaja Juni 2021, kaunti 13 za upande wetu zilipowekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na masoko ya bidhaa zisizo chakula yakafungwa kwa siku 30. Sipingi sababu, maana wagonjwa tuliwaona. Hata hivyo, meza yangu na ya muuza omena zimegusana, na yeye aliendelea kuuza huku yangu ikifunikwa turubai.

Mfanyakazi wa shamba la maua, Naivasha

Machi ile soko la Ulaya lilipoanguka na ndege za abiria zikakoma kuruka, tulikata waridi zilizokuwa tayari kupakiwa na kuzimwaga shimoni zigeuke mbolea. Ilibidi zikatwe, kwani usipovuna mmea unaharibika. Baadaye tukaambiwa twende likizo isiyo na malipo. Aliye likizoni bila malipo hana mshahara wa kusamehewa kodi. Naona nafuu ya ndugu mwanzilishi ilipita mlangoni kwangu bila kubisha hodi.

Dereva wa malori, njia ya Malaba

Mei 2020 foleni ya kuingia Uganda ilikuwa ya kilomita nyingi kwa sababu kila dereva alipaswa kupimwa na kusubiri majibu. Tulipika chini ya trela na kulala ndani ya kibanda cha lori. Kupimwa kulikuwa jambo la haki kabisa, ila kupima watu na kuwarundika mahali pamoja pasipo choo cha kutosha wakisubiri majibu ni mambo mawili yanayopingana. Wenyeji walianza kututazama kama ugonjwa wenyewe, na mama aliyezoea kuniuzia chai akawa ananiwekea kikombe juu ya jiwe na kurudi nyuma.

Kijana wa Kazi Mtaani, Nakuru

Kwangu ilikuwa Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua: shilingi 455 kwa siku ya kufyeka na kuzibua mitaro, kwa zamu. Ililipa kodi ya nyumba na unga. Sikuwa na kazi nyingine.

Muuguzi, Siaya

Nilitarajia mazungumzo yafike hospitalini. Aina ya virusi ya Delta iligunduliwa Kisumu Mei 2021, na kufikia Juni kituo nilichofanyia kazi kilikuwa kinapokea wagonjwa wengi kuliko mitungi ya oksijeni. Usiku kazi yangu kubwa haikuwa dawa bali kutazama mshale wa geji na kukadiria kama mtungi utafika asubuhi.

Amri iliyoleta ugomvi mkubwa ni ya mazishi: saa 72 tangu kifo kuthibitishwa, na waombolezaji wasiozidi 50. Huku kwetu familia hungoja hadi wa Nairobi na Mombasa wafike, na mjomba ndiye anayepanga siku. Nimewahi kusimama kwenye lango la mochari nikimweleza mzee kwamba hatuna ruhusa ya kungoja, naye akanijibu kwa upole kwamba maiti haina haraka.

Kuhusu chanjo, dozi milioni 1.02 za AstraZeneca zilifika nchini tarehe 2 Machi 2021, nasi wahudumu tukawa miongoni mwa wa kwanza. India, zilikotengenezwa, iliposimamisha kuuza chanjo nje kwa sababu ya wimbi lake, dozi yetu ya pili ilisogezwa kutoka wiki 8 hadi 12, kwa hiyo wimbi la Juni liliwakuta wengi wetu na dozi moja.

Mwalimu wa shule ya kibinafsi, Kakamega

Kodi ya VAT ilipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini unga wa mahindi haukuwa ukitozwa kodi hiyo tangu awali, kwa hiyo bei ya chakula changu kikuu haikuguswa. Mshahara wangu ulitoka kwenye karo, na shule zikiwa zimefungwa hapakuwa na karo. Mwezi Oktoba 2020 walirudi gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne pekee. Wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021, siku chache baada ya VAT kurejea asilimia 16. Shule yetu haikufungua tena. Madawati yaliuzwa kwa kanisa la jirani, nami nikafundisha watoto wa watu wanne nyumbani kwao hadi nilipopata nafasi kwingine.