Mtoto ana dalili za Down: kipimo cha kromosomu cha nini, na uso waonyesha?

Mkunga_Langoni
Assalaam alaykum. Mtoto wa wiki mbili, Lamu, tunashuku Down (hali ya kuzaliwa nayo, huchelewesha akili na mwili): macho yamepanda pembeni, kiganja kina mkunjo mmoja wa kukata moja kwa moja, mwili umelegea. Mamake ana miaka 23. Tabibu ataka damu ipelekwe Mombasa. Baba auliza, ikiwa yaonekana, gharama hii ya nini?

Maabara_Pwani
Waalaykum salaam. Baba hakosei kuuliza, ila kipimo hiki ni cha mimba zijazo kuliko mtoto huyu. Kwa kama 95 katika 100 wenye Down, kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) ya 21 ziko tatu badala ya mbili, kila moja peke yake. Mara nyingi ni yai halikugawanyika sawa, na kwa mama wa umri huo uwezekano wa kurudia ni kama 1 katika 100. Kwa 3 au 4 hivi, 21 ya ziada imegandana na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Hapo jumla ni 46, si 47, na mzazi aweza kuibeba bila dalili yoyote. Mama akiwa ndiye mbebaji, hatari hupanda hadi 10 au 15 katika 100. Mzazi ambaye 21 zake mbili zimegandana zenyewe, kila mtoto atakayezaliwa hai huwa na Down. Uso haukwambii lolote katika haya.

Damu ni mililita 2 hivi, chupa ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha kijani. Ya zambarau haifai: seli lazima ziwe hai, huoteshwa siku 3 hivi ndipo zihesabiwe. Isigandishwe wala isigusane na barafu. Itolewe asubuhi kabla ya boti ya Mokowe, na si Ijumaa, isije ikalala wikendi nzima.

Tabibu_Malindi
Majibu yasingojewe. Karibu nusu ya watoto wa Down wana kasoro ya moyo, kwa hiyo ekho (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ifanywe hata kama kifua chasikika safi. Wiki za mwanzo shinikizo la mapafu lingali juu, na tundu kubwa la moyo laweza kunyamaza kabisa, lisisikike. Likiachwa mwaka mzima, mishipa ya mapafu huweza kukakamaa, upasuaji usifae tena.

Homoni ya tezi la shingo ipimwe sasa, miezi 6, miezi 12, kisha kila mwaka. Ikipungua, mtoto hulegea, hulala sana, hufunga choo. Watu husema "ndiyo Down yenyewe" na akili yazidi kuumia bure.

Mkunga_Langoni
Shukran. Kunyonya je? Achoka upesi.

Tabibu_Malindi
Mama amshike kidevu kwa kidole, amwamshe kila saa 2 au 3. Lakini akitoka jasho la paji akinyonya na pumzi zikienda mbio, huo ni moyo, si uvivu, aondoke leo. Akitapika kijani, vilevile.