Acheni kumbambikia Reggie Mantle kesi, mwenye makosa Riverdale ni Archie (povu ruksa)

Wakuu, kwema?

Mods, nawaomba sana uzi huu msiuunganishe na ule wa tamthilia ya televisheni ya Riverdale. Namzungumzia Archie Andrews wa vitabuni, kijana wa shule wa mji wa Riverdale, yule wa nywele nyekundu na mistari iliyokatana juu ya sikio, wa vile vitabu vidogo vinene vya katuni. Wale wa tamthilia zamu yenu inakuja huko chini, msiwe na haraka.

Kuna orodha inazunguka tena mitandaoni ya "wabaya wakubwa wa katuni za vijana", na kama kawaida Riverdale imewakilishwa na Reggie Mantle, mpinzani wa Archie pale shuleni. Anayefuata ni Veronica Lodge, yule binti tajiri anayefukuziwa na Archie, halafu Cheryl Blossom. Archie hayupo. Moose hayupo. Kwenye maoni kila mtu anaitikia tu, "Reggie noma", "Reggie nilimchukia tangu utotoni". Ulimchukia kwa lipi hasa? Leta kosa.

Mimi simpi umalaika. Reggie ana mdomo, anajisikia, na akipita mbele ya kioo lazima asimame ajitazame. Anatega ndoo ya maji juu ya mlango. Anapiga simu kwa sauti ya kuigiza ili miadi ya Archie na Veronica iharibike, halafu anatokea yeye mlangoni kwa akina Lodge na maua mkononi. Ni mshenzi, nakubali, lakini ni mshenzi wa kiwango cha darasani. Kila mmoja wetu alisoma na mtu wa hivyo, na leo mnatakiana heri ya Idi na Krismasi kwenye magrupu.

Sasa fungua hadithi yoyote ya Reggie uitazame vizuri. Ni kurasa tano, sita hivi. Mwanzoni anapata wazo: nyusi juu, macho membamba, tabasamu la upande mmoja. Katikati mambo yanamnyookea. Mwisho ndoo inamwagikia mwalimu mkuu, Mzee Weatherbee, na Reggie anabakishwa shuleni wenzake wakienda kwa Pop Tate kula baga. Au Moose, lile jitu la pale shuleni, anamkuta anapiga soga na mpenzi wake Midge, na picha ya kufungia hadithi ni miguu ya Reggie imetokeza kwenye pipa la taka, nyota zinazunguka juu yake.

Hapo ndipo mnapopotea. Mmezoea kumtambua mbaya kwa kuangalia nani kapigwa mwishoni. Kapigwa Reggie, basi mbaya ni Reggie, kitabu kimefungwa. Hakuna anayerudi ukurasa wa pili kuuliza nani kamuumiza nani.

Rudini basi. Mtamkuta Betty Cooper, msichana wa pili wa Archie, yuko chini ya lile gari bovu la Archie, mikono imejaa grisi, maana Betty ndiye fundi pale na si mwingine. Kalitengeneza Jumamosi nzima kwa sababu jioni wana miadi. Gari linawaka. Simu inalia, ni Veronica, baba yake kapata tiketi mbili za mahali fulani pa maana. Archie anakaa nyuma ya usukani wa gari lililotengenezwa na Betty na kwenda kumchukua Veronica. Hii sijaitunga kwa hasira, mchezo huu na ndugu zake umerudiwa na kurudiwa hadi msomaji hashtuki. Na Archie anafanywa nini mwisho wa hadithi? Mioyo inaelea juu ya kichwa chake. Hakuna ndoo, hakuna pipa la taka. Akipatikana na balaa sana, wasichana wote wawili wanamnunia hadi toleo linalofuata.

Reggie akimharibia mtu miadi moja, anaitwa mbaya. Archie anawaharibia wasichana wawili ujana wao kuanzia miaka ya 1940 mpaka leo, na huyo ndiye steringi.

Kwa wanaopenda historia: Archie alitokea mara ya kwanza kwenye jarida la Pep Comics namba 22, Desemba 1941, mchoraji Bob Montana. Kwenye hadithi ile Reggie hayupo kabisa, hata kwa jina. Yupo Archie anajionyesha kwa jirani mgeni, Betty, na vurugu zote zinazotokea amezisababisha mwenyewe. Veronica na Reggie wamekuja 1942. Kwa hiyo msiniambie Riverdale ilikuwa shwari mpaka Reggie alipofika. Fujo alizikuta.

Halafu kuna jambo ambalo wachambuzi wa orodha hawaligusi. Mwaka 1954 wachapishaji wa katuni Marekani walijiwekea kanuni za maadili, baada ya wazazi na wanasiasa kulalamika kwamba katuni zinaharibu watoto. Rais wa chama cha wachapishaji hao alikuwa John Goldwater, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hii hii ya Archie. Moja ya kanuni ilitaka wema ushinde kila mara na mkosaji apate adhabu. Sawa, lakini Riverdale ina majambazi gani? Hakuna benki inayovunjwa, hakuna anayeuawa, kuna vijana, baga na gari bovu. Kwa mtazamo wangu, mji wa namna hiyo ukitaka hadithi iishe kwa adhabu inabidi uwe na mtu wa kuadhibiwa, na mtu huyo hawezi kuwa yule ambaye jina lake ndilo linauza jarida. Kibarua kile akapewa Reggie.

Najua mtaniletea Evilheart. Leteni. Katikati ya miaka ya 1960, mashujaa wa nguvu za ajabu walipopamba moto, kampuni nayo ikawavisha vijana wake makoti ya kupaa. Archie akawa Pureheart, rafiki yake Jughead akawa Captain Hero, Betty akawa Superteen. Reggie akapewa jina la Evilheart. Mtu ameandikiwa uovu kwenye jina kabla hajanyanyua mkono. Ninyi mnauita huo ushahidi, mimi naona ndiyo kubambikiwa kesi kwenyewe.

Na adui gani anakaa meza moja na nyie kila siku? Reggie yuko kwa Pop na wenzake. Kwenye kipindi cha katuni cha mwaka 1968 bendi ni ya marafiki, naye ndiye anapiga besi. Archie akikwama pesa anamfuata nani? Jughead hana, akiwa nazo ameshazila.

Sasa Moose. Hapa naombeni msome polepole, maana ndipo damu inanichemka.

Moose Mason, jitu la miraba minne, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, yuko kwenye hadithi hizi tangu 1949. Kazi yake kubwa ni kumpiga mvulana yeyote anayemsogelea mpenzi wake, Midge. Simaanishi anayemshika. Anayemsalimia. Anayemuuliza saa. Aliyemwokotea kitabu. Midge mwenyewe haulizwi kama anataka ulinzi huo, na mara nyingine anaonekana dhahiri angependa kuongea na watu wengine duniani. Kwenye mji mzima mtu pekee anayetumia ngumi kila wiki ni huyu, na anazitumia ili msichana asizungumze na mtu. Jirani yako akiwa na kijana wa hivyo utamkanya binti yako asipite hata karibu na geti lile. Lakini kwenu nyie Moose ni "mpole, mkubwa mwenye moyo wa dhahabu". Kwa nini? Kwa sababu anayepigwa ni Reggie, na Reggie mmeshaamua anastahili. Yaani mmemgeuza mpigaji kuwa askari.

Mzee Lodge naye wengine wanamweka kwenye wabaya. Kosa lake ni nini? Tajiri, ana binti mmoja, na mvulana anayekuja kumtembelea binti huyo anavunja vasi kila akiingia. Smithers, mtumishi wa nyumba, akitangaza kwamba Archie yuko mlangoni, mzee anashika kichwa. Ningekuwa mimi ningeshahama.

Kuhusu Cheryl sitasema mengi. Aliingia 1982, baada ya muda mfupi wakamwondoa kwa sababu alionekana mkali mno kwa jarida la watoto, wakamrudisha 1994. Kosa lake ni kumtaka Archie waziwazi bila kuomba radhi. Veronica kosa lake ni hilo hilo, ameongezewa na pesa. Archie akiwataka wote watatu kwa mpigo ni "kijana tu, bado anajitafuta". Hebu niacheni.

Tena hiyo 1994 ilitangazwa kwamba sasa Archie atachagua kati ya Betty na Veronica, biashara imalizike. Akachagua? Akaibuka na Cheryl. Mwaka 2009, kuanzia toleo la 600, hatimaye wakamwozesha Veronica. Matoleo matatu mbele, kuanzia namba 603, wakamwozesha Betty, kwa maelezo kwamba hizo ni njia mbili za maisha ambazo angeweza kupita. Watu wazima wenye kalamu na mishahara wamekaa ofisini wakashindwa kumfanya mtu mmoja achague mke mmoja. Ilibidi waumbe maisha mawili.

Kuna mmoja atakuja na zile za karibuni, baada ya kampuni kuanza upya mwaka 2015 kwa kalamu ya Mark Waid, hasa ile ya 2017 ya mbio za magari ambapo Betty aliumia vibaya. Nimesoma. Reggie ndiye aliyechokoza, sibishi. Lakini mbio zina magari mawili, mkuu. La pili lilikuwa na dereva mwenye nywele nyekundu, ambaye angeweza kukataa na kwenda zake nyumbani. Betty alitoka kwenda kuwazuia wote wawili. Hilo nalo mmelisoma kwa kuangalia nani kalaumiwa mwishoni.

Haya, watu wa tamthilia. Riverdale ya televisheni, 2017 hadi 2023, ina wauaji, magenge, na baba yake Veronica ni mhalifu kamili. Ni kazi nyingine. Mtu anatazama Hiram Lodge yule anayefunga watu kwa hila, halafu anakuja kwenye kitabu ambacho mzee huyo huyo analilia vasi, na kutuambia "Lodge ndiye mbaya mkuu tangu zamani". Tangu zamani ipi? Someni kwanza.

Nyongeza: Naona mkuu mmoja ameshakuja na "hizo ni katuni za watoto, punguza jazba". Jazba sipunguzi. Ndugu zetu wadogo wanasoma hizi, wanajifunza kwamba ukiwa na sura ya upole unaweza kumwacha mtu na grisi yake mikononi na ukabaki mtu mzuri.

Nyongeza 2: Aliyesema "steringi hafi ndiyo maana Archie hana makosa": alikufa. Mwaka 2014, kwenye jarida la Life with Archie, alikinga risasi iliyomlenga rafiki yake Kevin Keller, wakiwa kwa Pop. Nilimheshimu siku ile. Na aliyeshika bunduki hakuwa Reggie.

Nyongeza 3: Anayebisha alete hadithi moja ambayo Reggie alimuumiza mtu kuliko Archie alivyomuumiza Betty wiki hiyo hiyo. Namba ya toleo na ukurasa, picha iwe inasomeka. Na wanaoniuliza kuhusu Alexandra Cabot, yule ni wa katuni nyingine, ya akina Josie na bendi yao. Mfungulieni uzi wake, huyo hata mimi simtetei.