Tupeane uzoefu: mliopanda mikoko, mliofunga miamba na mliopandikiza matumbawe, siku gani iliwashinda?

Mkaa Hori:
Ndugu zangu, juzi nilipita kwenye hori la kijijini kwetu, upande wa Kwale, maji yakiwa yamekupwa, nikaona bango la mradi wa mikoko bado limesimama ilhali nyuma yake hakuna mche hata mmoja ulio hai. Vilivyosalia ni vijiti vilivyogandwa na makombe. Jambo hili limenikera kwa sababu si mbali na hapo, katika vijiji vya Gazi na Makongeni, wenyeji wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 za msitu tangu mwaka 2013, wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato yake yamesaidia maji ya vijiji na vitabu vya wanafunzi. Pwani ni ile ile na miti ni ile ile. Waliowahi kuingia topeni, kupiga mbizi au kukaa kwenye kamati, naomba watueleze yaliyowafika, hasa yale ambayo hayaingii kwenye ripoti.

Nahodha Mstaafu:
Vijiti hivyo navifahamu. Hapa Tanga tunavyo vya kutosha kuzungushia ua.

Mama Mchu:
Mkaa Hori, kabla hatujamlaumu mtu, tuambie miche hiyo ilipandwa sehemu gani hasa. Nimefanya kazi ya kitalu kwa miaka mingi, na mashamba mengi niliyoyaona yakifa yalikufa kwa sababu moja: mkoko wenyewe, huu wenye mizizi ya kusimama kama magoti, ulichomekwa kwenye tope tupu la mbele, ambako maji hukaa muda mrefu na wimbi halina huruma. Huchaguliwa huko kwa kuwa hapana mwenyewe wa kugombana naye, na picha hutoka vizuri. Kila mti una makazi yake. Mlilana hukaa mbele kabisa ukipigwa na bahari, mkoko na muia hufuata nyuma yake, mkandaa hupenda palipoinuka kidogo, na mchu huota kuwili, mbele na tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali, ambako hubaki mfupi kama kichaka. Sasa mbegu ya mkoko ni ndefu, huokotwa kwa urahisi na huchomekwa kwa mkono bila kitalu, ndiyo maana hupandwa kila mahali, hata pasipo pake. Mlilana una mbegu ndogo ndogo zinazotaka kulelewa, kwa hiyo hautafutwi na mtu, ingawa ndio ulioumbwa kwa sehemu ile.

Fundi Boriti:
Mama Mchu, kwa heshima zote, nyinyi watu wa vitalu mnayatia mambo ugumu. Wazee wetu wa Lamu walikata boriti, mapau na fito, wakapakia majahazi kwenda Arabuni vizazi kwa vizazi, wala hapakuwa na kitalu hata kimoja, na msitu ulikuwepo. Mikoko hujipanda yenyewe. Kinachotakiwa ni kuacha kuisumbua, na kuacha kutusumbua sisi kwa semina.

Mama Mchu:
Bwana Fundi, hujipanda yenyewe pale ambapo miti mama imeachwa na maji yanapita kama kawaida. Serikali ya Kenya haikupiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982 kwa kupenda kuwaudhi watu wa Lamu. Nenda hori la Mwache, Mombasa, ambako mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga udongo juu ya mizizi mpaka miti ikafa imesimama, kisha uniambie tungengoja mbegu ijipande mpaka lini.

Fundi Boriti:
Nimesema semina, na semina ndiyo hii.

Mwana Delta:
Habari ya kupanda kwenye tope la mbele imenikumbusha siku ambayo sikutaka kuikumbuka. Sisi tuko delta ya Rufiji, kwenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, na ambako maeneo mengi yalifyekwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Kikundi chetu, wengi wakiwa kina mama, kilipewa kazi ya kurudishia miti kwenye kipande karibu na mdomo wa mto. Waliotufadhili, ambao sitawataja, walipanga siku ya kupanda kwa kufuata ratiba ya wageni wao na si kwa kuutazama mwezi. Ikaangukia bamvua, zile siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Tuliwaeleza kwamba maji yatakupwa mbali sana na yatarudi kwa haraka, tukajibiwa kwamba wageni wameshakata tiketi za ndege.

Wageni walichelewa. Tulianza kazi maji yakiwa yamekwisha kugeuka, lakini kila mmoja alitaka kumaliza mstari wake ili posho isiguswe. Walipokwisha kupiga picha walipanda boti wakaenda kula, na boti zote zikaondoka nao. Bibi mmoja katika kikundi, aliyetuzidi sote kwa umri na kwa bidii, alikuwa mbele kabisa akimalizia miche yake, akazama. Mwanzoni tope lilikuwa la magotini, naye mwenyewe alicheka pamoja nasi. Kila alipojitahidi kuchomoa mguu mmoja, wa pili uliingia zaidi, hadi likamfika kiunoni. Maji nayo yakaanza kuonekana kwenye vijito, yanakuja bila wimbi wala sauti. Vijana wawili waliomkimbilia walinasa kabla hawajamfikia. Bibi alimwita mumewe, ambaye ni marehemu, kisha akaanza kutoa shahada, na hapo kina mama wote waliangua kilio.

Aliyetuokoa ni mvuvi wa kaa aliyekuwa akipita na mtumbwi. Hakuweza kuufikisha mtumbwi pale kwa sababu maji hayakuwa yametosha kuuelesha, kwa hiyo aliung'oa ubao wa kukalia, akalala juu yake kifudifudi, akajisukuma kwa mikono hadi kwa Bibi. Akamwamuru aache kabisa kujaribu kusimama, alale chali, atanue mikono, na autikise mguu mmoja polepole ili maji yapenye kati ya ngozi na tope. Yale maji tuliyokuwa tukiyaogopa ndiyo yaliyolegeza tope. Bibi alipochomoka yalikuwa yanamgusa kidevu, kanga yake imebaki chini, na miche yote tuliyoipanda imekwisha kufunikwa. Vijana waliiga alivyofanya, wakatoka wenyewe. Wageni walirejea baadaye kidogo kutuuliza kama zoezi limekwenda vizuri.

Bint Kojani:
Subhanallah. Bibi huyo yuko hai? Usituache hapo, ndugu yangu.

Mwana Delta:
Yuko hai, alhamdulillahi. Mguu ulimsumbua kwa muda, naye hakukanyaga tena tope. Posho ililipwa kamili kwa waliomaliza mistari yao.

Nahodha Mstaafu:
Una maana kwamba Bibi alikatwa posho?

Mwana Delta:
Alikatwa. Tulichangishana sisi kwa sisi tukamfidia.

Nahodha Mstaafu:
Mimi ningeanza na kumzamisha mwenye kugawa posho.

Mkaa Hori:
Mwana Delta, pole sana, na umpe Bibi salamu zetu. Naomba kuuliza: alikuwa amevaa viatu? Kwetu tuliambiwa kila mtu avae mabuti ya mpira.

Mzamiaji wa Shimoni:
Mabuti ndiyo yanayozamisha watu, kwa sababu yakishaingia tope ndani huwezi kuyachomoa. Mguu mtupu hutoka.

Fundi Boriti:
Mguu mtupu hutoka ukiwa umechanwa na makombe. Nimewaona watu wakikaa ndani wiki kadhaa kwa vidonda vya topeni, kwa hiyo asiwadanganye mtu. Vaeni viatu vya kamba na mvifunge barabara.

Mama Mchu:
Sisi kitaluni huvaa soksi nene, tena jozi mbili.

Nahodha Mstaafu:
Dawa ni kutopanda siku ya bamvua. Mwezi uko juu, hauhitaji mfadhili wa kuusoma. Na ukinasa, lala kama uliye kwako, kama alivyofanya Bibi.

Bint Kojani:
Naomba tuutoke mguu wa Bibi, maana Mkaa Hori aliuliza pia kuhusu miamba. Kwetu Pemba hatukupanda kitu, tulifunga mwamba, yaani tulizuia watu kuvua pweza hapo kwa muda. Pweza hukua upesi sana, na mwamba ukipumzishwa miezi mitatu hivi hupatikana akiwa mzito; matumbawe nayo hupata nafuu kwa kuwa hayakanyagwi wala hayavunjwi kwa kuchokolewa. Jambo hili ni zuri na silipingi. Ubaya wake niliuona siku ya kufungua. Watu wa dago, wale wavuvi wanaohamahama na kupiga kambi, na wa shehia nyingine walifika kabla ya alfajiri, na wanaume wenye miwani walizamia maji yakiwa bado mengi, ilhali sisi wanawake tunaochokoa kwa miguu ilitulazimu kusubiri yakupwe. Tulipofika mwambani tulikuta mashimo matupu. Miezi yote ile ya kufunga, aliyekosa kitoweo na fedha ya daftari za watoto ni mimi, na mwenye mashua alikwenda kuvua kwingine. Halafu kwenye mkutano tuliambiwa kwamba mavuno yalivunja rekodi.

Katibu wa Kamati:
Dada, naomba usiichafue kazi nzima kwa siku moja. Kwenye shehia yetu tumeweka utaratibu kwamba maji mafupi ni ya wanawake peke yao siku ya kwanza, na mgeni hulipa kabla ya kushusha mguu. Kufunga mwamba hakuna kosa, ila lazima kamati iwe imara na doria iwepo usiku na mchana.

Bint Kojani:
Kamati yenu ina wanawake wangapi?

Katibu wa Kamati:
Wapo, na wanashiriki kikamilifu.

Bint Kojani:
Nimeuliza wangapi.

Mzamiaji wa Shimoni:
Wakati Katibu anahesabu, nami nieleze ya chini ya maji. Mwamba wetu uliumia sana mwaka 1998, matumbawe yalipopauka kwa joto la bahari na mengi yakafa. Wenzetu wa Wasini wamekuwa wakipandikiza vipande vya matumbawe, na sisi tuliifuata njia hiyo: tuliokota vipande vilivyovunjika vikiwa hai, tukavifunga kwenye fremu, na vikishakua tukavihamishia kwenye vitako vya saruji. Watu hudhani kazi ni kupandikiza. Kazi yenyewe ni kusugua mwani kwa mswaki, kila mara, katika maji yenye mkondo, bila posho na bila wa kukupiga picha. Mwaka 2024 joto likapanda tena. Nilizamia kwenye bustani niliyoisugua kwa mikono yangu nikaikuta nyeupe yote, inang'aa, na samaki wakizunguka juu yake kana kwamba hakuna lililotokea. Mwenzangu alipanda juu, akavua miwani, hakusema neno mpaka tulipofika pwani. Baadhi ya matumbawe yalirudisha rangi, hasa yale yaliyokaa kwenye mkondo na kivuli cha mwamba. Ndiyo tunayotafuta vipande vyake sasa.

Fundi Boriti:
Hapo umeona sasa. Bahari ikichemka, mswaki hausaidii.

Mzamiaji wa Shimoni:
Nami sikusema unazuia joto, bwana. Ila mwani ukilifunika tumbawe lililodhoofika, hata hilo ambalo lingepona halitapona. Tena usifikiri nyasi bahari nazo hujirudia zenyewe. Upande wa Diani zililiwa na wale viumbe wa miiba ambao sote tumewahi kuwakanyaga, nao walizidi kwa sababu kikande na samaki wengine wanaowala wamevuliwa mno. Unaweza kupanda nyasi kwa magunia mpaka uzeeke. Juya, ule wavu unaozoa samaki wote, likiendelea kukokotwa hapo juu, unawalisha tu hao wa miiba.

Nahodha Mstaafu:
Hilo la juya nakubali kwa mikono miwili.

Mkaa Hori:
Mama Mchu, nimewauliza wazee kuhusu lile shamba letu. Lilikuwa tope la mbele, na mti ulikuwa mkoko mtupu, kama ulivyosema. Kikundi cha vijana kinataka kujaribu mlilana, na safari hii hakuna mfadhili. Tuanzie wapi?

Mama Mchu:
Msianze kwa kupanda. Kaeni mwaongee na wanaotega kaa na wanaokata kuni pale, wawaambie zamani paliota nini na maji yalipita njia gani, kwa sababu pengine kuna mfereji ulioziba na kuuzibua kutawapunguzia kazi nusu. Tunda la mlilana liokoteni likiwa limeanguka lenyewe na limelainika, mliloweke, mtoe mbegu, mzilee kitaluni mahali ambapo maji ya kujaa yanafika. Pandeni kidogo kwanza, mwangalie kitakachosimama. Na mjiandae kwa wadudu, kwa maana mlilana wanaupenda.

Fundi Boriti:
Matunda ya mlilana kwetu yapo tele. Njooni mchukue bure, mradi msiniite kufungua mkutano.

Bint Kojani:
Katibu bado hajajibu.