Ushauri wakuu: nimzungumzie mpiga gitaa yupi wa funk rock aliyesahaulika?

NyuziSita: Heshima zenu wakuu. Nina dakika 20 mbele ya watu, nieleze habari za mpiga gitaa mmoja wa funk rock asiyepewa haki yake, huku nikipiga mifano. Nimebaki kati ya Eddie Hazel wa Funkadelic na Jack Sherman wa Red Hot Chili Peppers. Usingizi sipati. Nimchukue nani?

BesiNzito: Hazel. "Maggot Brain" ya 1971 ina dakika 10, na George Clinton, kiongozi wa kundi, aliwapunguza sauti wenzake Hazel kwenye miksi hadi gitaa likabaki karibu peke yake. Mtaje na Michael Hampton, aliyeingia kundini akiwa na miaka 17 na kuubeba wimbo huo jukwaani.

ShangaziWaStudio: Mdogo wangu, una vifaa gani? Shughuli lini?

NyuziSita: Jumamosi. Nina gitaa la umeme, ampu ndogo na pedali ya fazi, ile ya kukwaruzisha sauti. Wah, pedali ya kuliza gitaa "wa-wa", sina.

ShangaziWaStudio: Basi Hazel mwache. Sauti ile ni fazi, wah na mwangwi kwa pamoja. Ila kuna kitu hujakisema.

NyuziSita: Bango limeshachapwa: "Jack Sherman, mwanzilishi wa Red Hot Chili Peppers." Albamu ya kwanza si alipiga yeye? Sioni tatizo.

MkongweWaRifu: Tatizo lipo. Mwanzilishi ni Hillel Slovak. Alibanwa na bendi yake nyingine, What Is This, ndipo Sherman akaingia, akashiriki kutunga na kurekodi albamu ya 1984. Slovak akarudi wakatoa Freaky Styley mwaka 1985. Andika "mpiga gitaa wa albamu ya kwanza".

NyuziSita: Mkuu, "mwanzilishi" linavuta watu.

Mama_Kinanda: Slovak alifariki 1988 akiwa na miaka 26. Humpi Sherman haki yake kwa kumpora marehemu.

KijiweMoto: Chai hii. Bango limechapwa halafu hujui utamzungumzia nani? Na huyo Sherman angekuwa wa kweli, si angeingizwa Rock and Roll Hall of Fame, lile jumba la heshima la wanamuziki, pamoja na wenzake?

MkongweWaRifu: La bango ajibu mwenyewe. Sherman ni wa kweli, amefariki 2020. Bendi ilipoingizwa 2012, wapiga gitaa Slovak, Frusciante na Klinghoffer walikuwemo. Sherman na mpiga gitaa mwingine, Dave Navarro, waliachwa. Mleta uzi, hapo ndipo pa kuanzia.

NyuziSita: Sijatunga. Nilitaka mtu aniambie Sherman anatosha.

ShangaziWaStudio: Anatosha. Zima fazi. Shika kodi ya E9: kidole cha kati uzi wa tano freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 7, cha shahada uzi wa nne freti ya 6, cha pete kilale freti ya 7 kwenye nyuzi tatu nyembamba. Uzi mnene usiuguse. Mkono wa kulia upande na kushuka bila kusimama, mikwaruzo 16 kwa kila mapigo manne. Wa kushoto ubonyeze michache tu, mingine ulegeze bila kuinua vidole. Ukiviinua nyuzi zinalia wazi na mdundo unachafuka. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, anza 80 kwa dakika. Huo mkwaruzo ni wa Jimmy Nolen, mpiga gitaa wa James Brown, mpe dakika zake tatu kabla ya Sherman.

BesiNzito: Tumia pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Kama hutakuwa na mpiga besi, kitufe cha besi kwenye ampu kiache katikati, la sivyo gitaa litasikika jembamba ukumbi mzima.