Beringi ya kiunoni: grisi moja au mbili? Pampu ya mkono au mfumo wa kujipaka?

Mlezi_wa_Mashine: Wakuu, nina ekskaveta ya tani 20 na kreni ya matairi. Kwenye beringi ya kiunoni, ile duara kubwa inayobeba nyumba ya juu na kuiacha izunguke, zote nazipiga grisi ileile, lithiamu namba 2 ya EP (ya kuhimili mzigo mzito), kwenye gololi na kwenye meno ya kuigeuzia. Fundi mmoja kaniambia meno yanataka grisi yake. Mwingine anasema pampu ya mkono imepitwa na wakati, nifunge mfumo wa kujipaka, unaosukuma grisi wenyewe. Nisaidieni kuamua.

SpanaKubwa: Hizo mashine mbili zitenganishe kwanza. Kwenye ekskaveta nyingi meno yamefichwa ndani, yanalala kwenye beseni la grisi, na humo hiyo EP namba 2 inafaa. Kreni nyingi meno yake yako nje, mvua yake, vumbi lake. Pinioni, ile gia ndogo inayoyasukuma meno, inapopita inaikamua grisi laini yote, chuma kinabaki kinasagana na chuma. Hapo nunua grisi ya gia za wazi, nzito inayonata, yenye grafiti au molibdeni. Grisi ikishakamuliwa, ule unga mweusi unabaki kwenye jino. Safisha meno kwanza, upake kwa brashi pale jino linapobanana na jino. Ila nakusihi, usiisukume kwenye nipeli (vichuchu vya kuingizia grisi) za gololi. Haitasambaa, na njia itaziba.

Zamu_ya_Usiku: Naongezea jambo ambalo wengi wanalipuuza: mashine ikiwa imesimama, pampu yoyote unayotumia ni kazi bure. Grisi inarundikana karibu na nipeli, upande wa pili gololi ni kavu. Piga kidogo, toa mtu eneo la mzunguko, opereta ageuze kidogo, asimame, piga tena, hadi mzunguko ukamilike na grisi mpya ichungulie kwenye sili (mpira wa kuziba ukingoni) pande zote. Ule ukingo wa grisi usiufute wote, ndio unaozuia vumbi. Na kama ekskaveta yako inachimba mtaro kutwa, inageuka robo tu kwenda na kurudi, basi izungushe mzunguko mzima mara kwa mara. Gololi zinazocheza pale pale huchimba vishimo kwenye njia yao.

Mlezi_wa_Mashine: Asante sana, nilikuwa napiga ikiwa imesimama. Na mfumo wa kujipaka je?

Fundi_Mabomba: Kwa kreni inayofanya kazi mfululizo naupenda. Dozi ndogo kila baada ya muda ni bora kuliko kuishindilia mara moja kwa wiki. Lakini niliwahi kuuamini kupita kiasi. Ile aina yenye vigawio vinavyofuatana, yaani vipande vinavyogawa grisi kwa zamu kwenda kila tundu, tundu moja likiziba presha inapanda na unajua. Mpira wa kupitisha grisi ukichanika baada ya kigawio, kabla ya kufika kwenye beringi, grisi inamwagika chini na hakuna taa inayowaka. Sisi tulikuja kujua kwa mngurumo, na njia ya gololi ilikuwa imeshamenyeka. Beringi hiyo haibadilishwi bila kunyanyua nyumba yote ya juu, kwa hiyo iliniuma mno. Ukiufunga, kagua kila mpira kwa macho yako. Kwa ekskaveta moja, mimi ningebaki na pampu ya mkono.

SpanaKubwa: Mimi pia. Tena pampu ya upepo inasukuma kwa nguvu hadi sili inatoka kabla hujahisi kitu. Ya mkono unaisikia ikikaza. Pia usichanganye grisi ya lithiamu na ya poliyurea (aina nyingine ya grisi) bila kumuuliza mtengenezaji wa grisi, mara nyingi mchanganyiko huo hulainika na kuvuja.

Mlezi_wa_Mashine: Leo nimefungua mfuniko wa beseni la ekskaveta. Grisi imekuwa nyeupe kama maziwa.

Zamu_ya_Usiku: Hayo ni maji, mkuu. Usijazie juu yake. Fungua bamba la chini, toa yote, kagua mfuniko na sili, ndipo uweke mpya kwa kipimo cha kitabu. Ukijaza kupita kiasi, inapasha moto na kutafuta pa kutokea.

Mlezi_wa_Mashine: Gasketi ya mfuniko imekatika upande mmoja. Naanza na hiyo kesho asubuhi, halafu kreni naisafisha meno.